Sauti Iliyofika Mwisho wa Uwanja

Kila asubuhi kabla ya shule, Kadidja alifagia kiwanja cha nyumbani, akasugua sufuria zilizopikiwa pondu, mboga ya majani ya muhogo, usiku, kisha akampelekea baba yake makaa ya pasi, kwani Papa Lukumani alikuwa fundi cherehani. Kazi zote hizo alizifanya akiimba. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na sauti yake ilijulikana mtaa mzima. Majirani walisema, "Kadidja akiimba huku, majogoo wa ng'ambo ya mto wanaamka." Naye aliipenda sifa hiyo kuliko alivyoonyesha.

Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1960. Mji ambao serikali iliuita Stanleyville, na wenyeji Kisangani, ulikuwa ukingoja siku ya uhuru wa Kongo. Kila kona watu walipaka kuta chokaa. Cherehani ya Papa Lukumani haikupumzika.

Mdogo wa Papa Lukumani, Feruzi, ambaye watoto walimwita Tonton, yaani baba mdogo, alikuwa fundi wa redio na kiongozi wa bendi. Kwa ajili ya siku hiyo alitunga wimbo wa kuwataja watu waliokata miti, waliopasua mawe na kulaza reli za mji huu, kijiji baada ya kijiji. Kadidja ndiye angeongoza, na mwenzake wa darasani, Colette, angeitikia.

"Watu watatoka mbali kuja kusikia jina la kwao," Tonton Feruzi aliwaambia. "Jina lisiposikika, wimbo hauna kazi."

Siku moja kabla ya sherehe walikwenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira. Jenereta ilinguruma pembeni. Jukwaani palikuwa na mashine ya kukuza sauti, waliyoiita ampli, na spika mbili kubwa kama kabati. Mbele ilisimama mikro, kile chombo kidogo cha kuimbia, iking'aa juu ya mguu wake wa chuma.

Tonton Feruzi aligusa uzi mmoja wa gitaa lake la umeme. Aliugusa kwa kidole tu, kama mtu anayejaribu joto la chai. Sauti iliyotoka iliujaza uwanja, ikapita juu ya mapaa, ikakawia hewani. Kadidja alisisimka mwili mzima. Hakuwahi kujua kwamba kidole cha mtu kinaweza kufika mbali hivyo.

"Alors, Kadidja. Zamu yako," alisema tonton.

Kadidja aliisogelea mikro mpaka midomo ikaigusa, akavuta pumzi, akaimba kwa nguvu zake zote. Spika zilikoroma. Ghafla ukatokea mlio mkali, kama chuma kinachokwaruza chuma. Colette akaziba masikio, na Sefu, mpiga ngoma, akaangusha vijiti vyake.

Mwisho wa uwanja alikuwa amesimama Mama Marthe, muuza samaki kutoka Yanonge, na beseni lake kichwani. Alikuja hadi jukwaani polepole.

"Mutoto, nimesikia radi," alisema. "Yanonge yangu iko wapi? Umeisema ao hukuisema?"

"Nimeisema, mama," Kadidja alijibu kwa aibu.

"Basi imekufa njiani."

Tonton Feruzi hakukasirika. Alimshika Kadidja mkono, wakazunguka uwanja huku Sefu na wenzake wakipiga. Karibu na ukuta ngoma ilisikika mara mbili, kwa sababu ukuta uliirudisha. Nyuma ya jukwaa palivuma tu. "Mwimbaji akiwa pale juu hajui watu wanasikia nini," tonton alisema. "Lazima masikio yake yatembee kwanza."

Alasiri yote walifanya kazi. Spika zilikuwa nyuma ya mikro. Wakazibeba wote pamoja, wakaziweka mbele ya waimbaji, juu ya mapipa, zikiwatazama watu.

"Kwa nini ililia vile?" Kadidja aliuliza.

"Sauti ya spika ilikuwa inarudi kuingia kwenye mikro, inatoka tena, inaingia tena. Inazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake, na kila mzunguko inakua. Ukiongeza nguvu, ndiyo unampa mbwa chakula."

Waliziweka nyaya za mikro mbali na waya wa umeme, na mvumo ukapungua. Jenereta ikasukumwa mbali, nyuma ya mti. Kisha tonton akazungusha kifundo cha ampli, kile cha kuongeza na kupunguza sauti, kidogo kidogo, akisikiliza, mpaka akapata mahali pake. "Hapa hapa. Asikiguse mtu."

Kisha akamwita Colette. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mara nyingi Kadidja alimcheka kwamba anaimba kama mbu. Colette alisimama mbali kidogo na mikro, akaimba kama mtu anayemwimbia mtoto mgongoni. Kadidja alikuwa kule mwisho wa uwanja, na bado alisikia kila neno, hata pumzi kati ya maneno. Ilikuwa kana kwamba Colette amesimama kando yake. Alistaajabu hata akasahau kufunga mdomo. Lakini chini ya mshangao huo, wivu ulimchoma.

Siku ya uhuru ilifika. Watu waliujaza uwanja, wakapanda kuta, wakaning'inia kwenye miti. Wengine walikuwa wamesafiri mtoni kwa mitumbwi kutwa nzima. Kelele zao zilikuwa kama maporomoko ya maji. Kadidja aliitazama bahari ile ya vichwa. Alijisemea, hawatanisikia. Watamsikia Colette, mimi hawatanisikia. Tonton alipoinama kukaza nyuzi za gitaa, Kadidja alisogea hadi kwenye ampli, akakizungusha kifundo hadi mwisho, akarudi kwenye mikro.

Alipotamka neno la kwanza, ule mlio wa chuma ulilipuka. Watoto walilia. Wazee waliokuwa wamekaa mbele waliinuka, wakageuka kuondoka.

Tonton Feruzi aliruka, akakirudisha kifundo mahali pake. Uso wake ulikuwa umebadilika. Aliyekaa karibu zaidi na ampli alikuwa Sefu.

"Sefu! Nilisema nini jana?"

"Bon, tonton, mimi sikugusa—"

"Sasa nani?"

Kadidja alisimama palepale mbele ya mikro. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona. Lakini alimtazama Sefu, akaona anavyolaumiwa kwa kosa lisilo lake. Akasema kwa sauti ya chini, akimwambia tonton peke yake:

"Ni mimi, tonton. Sefu hakugusa. Niliogopa hawatanisikia."

Mikro ilikuwa wazi. Maneno yale madogo yalitoka kwenye spika, safi kabisa, yakapita juu ya vichwa vyote hadi ukutani. Umati ukanyamaza. Kadidja alitamani ardhi immeze.

Kisha kutoka mwisho kabisa, mwanamke mmoja akapaza sauti: "Tumekusikia, mutoto! Imba sasa!" Watu wakacheka, kicheko kisicho na ubaya, na wale wazee wakarudi kuketi.

Tonton alimtikisia kichwa kumkubalia. Kadidja alirudi nyuma hatua moja, akaimba kama alivyoyasema maneno yale madogo, polepole, bila kusukuma. Gitaa lilimfuata kwa upole, Colette akaitikia.

Aliposema "Banalia," mzee mmoja alisimama, akavua kofia. Aliposema "Isangi," ukoo mzima ulisimama upande wa mto. "Yanonge," na Mama Marthe akainua mikono yote miwili. Kijiji kwa kijiji watu waliinuka, bila kelele, mpaka uwanja wote ukawa umesimama. Hakuna aliyepiga makofi. Walisikiliza tu, wengine wakilia, na Kadidja alihisi kwamba uwanja mzima unapumua pamoja naye.

Walipokuwa wakikunja nyaya, Kadidja alimwomba Sefu radhi, kisha Colette, kwa kumwita mbu. Colette alimpa upande mmoja wa spika, wakaibeba pamoja.

"Mwanangu," tonton alisema, "leo umekosea mbele ya mji mzima, na umesema kweli mbele ya mji mzima. Kelele yako ilitaka kuwafukuza. Ukweli wako, uliousema chini chini, ndio uliowarudisha. Anayetaka kusikika asitafute kuwazidi wenzake. Ajifunze kusikiliza, afanye kazi yake kwa uangalifu, na aseme lililo kweli. Hapo hata mnong'ono unafika."