Nani Aliupindua Mkokoteni?

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, wanafunzi wa darasa la sita wa shule moja ya kijiji cha Nyakitonto walishuka bondeni kuteka maji. Saa hizo ukungu huwa bado umelala juu ya mashamba ya mihogo, na udongo mwekundu wa njiani unateleza kama sabuni. Zamani walibeba ndoo kichwani. Siku hizi walikuwa na mkokoteni wa mbao wenye magurudumu mawili ya baiskeli, uliotengenezwa na fundi wa kijiji. Madumu yalipangwa safu moja, watoto wengine wakavuta mbele na wengine wakasukuma nyuma. Irakoze, msichana mwembamba mwenye mikono yenye nguvu, alishika kamba iliyofungwa ubavuni ili mkokoteni usiyumbe penye kona.

Kona hiyo ilikuwa mbaya. Njia yenyewe ililalia upande wa bonde.

Jumatatu ile, Fidele, kiranja wa darasa, hakutaka kushuka bondeni mara mbili.

"Leo tunapanda mara moja tu," alisema. "Pangeni madumu mengine juu ya haya."

"Fidele, mkokoteni utapinduka," Irakoze alimwambia. "Mzigo ukienda juu hivyo, pale konani hautasimama."

"Umekuwa mhandisi lini wewe? Shika kamba yako."

Wenzake walicheka. Shadia, rafiki mkubwa wa Irakoze, hakucheka, lakini naye alikwenda kusukuma upande wa bonde kama alivyoambiwa.

Walipofika konani, mkokoteni uliinama. Irakoze alikita visigino ardhini akavuta kamba kwa nguvu zote. Kamba ilimchuna viganja, ikamburura kwa magoti mpaka ikamtoka mikononi. Mbao zikalia, madumu yakaporomoka, na mkokoteni wote ukamwangukia Shadia mguuni. Ukelele wake ulisikika mpaka shuleni.

Shadia alipakiwa kwenye bodaboda na kupelekwa hospitali ya Kasulu. Mguu ulikuwa umevunjika.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Melkiadi, aliwasimamisha wote mbele ya ofisi. "Nini kimetokea?"

Fidele alitazama chini kidogo, kisha akasema, "Irakoze aliachia kamba, Mwalimu."

Irakoze alipiga hatua mbele. "Uongo! Mwalimu, nilimkataza! Tazama mikono yangu!" Akainua viganja vyake vilivyochunika.

"Ndiyo maana aliachia," Fidele alisema haraka. "Kamba ilikuwa inamuuma."

Irakoze aliwageukia wenzake. Wote walikuwepo. Wote walisikia. Mmoja alijikuna shingo, mwingine akakazia macho bendera. Hakuna aliyefungua mdomo.

Mwalimu mkuu hakuuliza zaidi. Mkokoteni ulifungiwa stoo, wanafunzi wakarudia kubeba ndoo kichwani, na Irakoze akapewa adhabu ya kuchimba shimo la taka nyuma ya jikoni. Alichimba kwa hasira hata jembe likatoa cheche kwenye mawe. Kila aliyepita na ndoo alimtupia neno: "Ahsante, Irakoze, umeturudisha kichwani!"

Jioni alikwenda nyumbani kwa akina Shadia, ambaye alikuwa amerudishwa na mguu umefungwa hogo jeupe la plasta. Mama Shadia, mwenye duka pale senta, alikuwa amekaa mlangoni na ushungi wake. Hakuitikia shikamoo. Lakini kutoka ndani sauti ndogo ya Shadia iliuliza, "Irakoze, ni kweli uliachia?"

Swali hilo lilimuuma kuliko shimo, kuliko viganja. Aligeuka akakimbia, machozi ya ghadhabu yakimtoka.

Kesho yake Mwalimu Tunu, mwalimu wa sayansi, alimkuta bado anachimba, shimo likiwa limempita kiuno.

"Unataka kumzika nani humo?" aliuliza.

"Fidele."

Mwalimu Tunu hakucheka. "Mimi nakuamini. Lakini kuamini kwangu hakutoshi, na kelele zako hazitoshi. Toka humo, njoo darasani."

Mezani aliweka kipande cha boksi, mkasi, msumari, na uzi uliofungwa kijiwe.

"Kila kitu kina nukta moja ambapo ni kama uzito wake wote umekusanyika," alisema. "Nukta hiyo tunaiita kitovu cha uzito. Chora mkokoteni kama ulivyouona kwa nyuma, na madumu juu yake. Uukate."

Irakoze alichora, akakata. Mwalimu alitoboa tundu pembeni, akaining'iniza ile picha kwenye msumari ukutani ikiwa huru kubembea, kisha akaning'iniza na uzi wenye kijiwe mbele yake. Ilipotulia, Irakoze alichora mstari kuufuata uzi. Wakatoboa tundu mahali pengine, wakaining'iniza tena. Mstari wa pili uliukata wa kwanza.

"Kitovu ni hapo mistari inapokatana," Irakoze alisema.

"Una hakika? Boksi lako lina uzito sawa kila mahali. Je, mbao na maji vina uzito sawa?"

Irakoze aliitazama picha yake, akaikunja na kuitupa sakafuni. "Kumbe kazi bure!"

"Okota," Mwalimu Tunu alisema, na sauti yake ilikuwa kali. "Ukikasirika bila kufikiri, Fidele ndiye anayefaidi."

Aliokota, akainyoosha. Kisha akabandika vipande vingine vya boksi palipochorwa madumu, ili pawe pazito zaidi. Alipopima tena, ile nukta ilipanda juu. Akatengeneza picha nyingine yenye safu moja ya madumu. Kitovu chake kilikuwa chini sana, karibu na magurudumu.

Mwalimu alizishika picha zote mbili, akaziinamisha sawasawa, kama njia ilivyoinama pale konani. Uzi uliotoka kwenye kitovu cha safu moja uliangukia kati ya magurudumu. Uzi wa safu mbili uliangukia nje kabisa.

"Mstari huu ukitua kati ya magurudumu, mkokoteni unasimama," alisema. "Ukitua nje, unaanguka."

"Hata kama nimeshika kamba?"

"Uzito ule haushikiki na mtoto."

Siku iliyofuata Mwalimu Tunu aliomba mkokoteni utolewe stoo. Darasa zima likashuka mpaka konani, Mwalimu mkuu akiwa mbele, mikono nyuma. Mkokoteni ukawekwa palepale, magurudumu yakazuiwa kwa mawe, na wote wakasimama upande wa mlima. Kamba ililala chini bila mtu. Wavulana waliotumwa bondeni kuteka wakaleta madumu, na kwanza wakapanga safu moja. Mkokoteni ukatulia. Kisha wakapanga ya pili.

Mkokoteni ulilia kidogo, ukainama, ukasimama.

"Mnaona?" Fidele alipaza sauti. "Haupinduki wenyewe! Ni yeye!"

Vicheko vikaanza. Irakoze aliona giza la hasira. Alilipiga teke dumu lililobaki chini, akageuka kumkabili Fidele, ngumi zimekunjwa.

"Irakoze!" Mwalimu Tunu alimwita. "Simama hapo hapo!"

"Basi, inatosha," Mwalimu mkuu alisema. "Turudini shuleni."

Lakini Irakoze alikuwa ameganda, akilitazama lile dumu. Lilikuwa limebiringika mpaka kwenye nyasi. Dumu lililojaa halibiringiki hivyo kwa teke la mtoto.

"Mwalimu, ngojeni!" alisema. "Madumu haya hayakujaa. Siku ile tuliyajaza mpaka mdomoni."

Mwalimu mkuu alikwenda mwenyewe kwenye mkokoteni, akatikisa dumu moja la juu. Maji yalichachatika ndani. Aliwatazama wavulana waliotumwa kuteka, nao wakainamisha vichwa. Madumu yakashushwa, yakajazwa, yakarudishwa juu. Lilipowekwa la mwisho, gurudumu la upande wa mlima liliinuka polepole, kama mguu wa mtu anayenyata. Mkokoteni wote ukaenda chini kwa kishindo. Hakuna aliyekuwa ameugusa.

Kisha msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, Irakoze alimkataza. Sote tulimsikia."

"Mbona hukusema Jumatatu?" Irakoze alimfokea.

Fidele alikuwa analia. "Niliogopa, Mwalimu. Mimi ndiye niliyewaambia wapange juu."

Mwalimu Melkiadi alivua kofia yake. "Irakoze, nilikuadhibu bila hata kushuka hapa kutazama njia. Nimekukosea. Nakuomba radhi mbele ya wenzako."

Jioni ile Mwalimu mkuu aliwapeleka Irakoze na Fidele kwa Mama Shadia. Fidele alisimulia yote, kosa lake na uongo wake, mpaka mwisho. Kutoka ndani Shadia aliita, "Irakoze, njoo ukae hapa." Irakoze aliingia, akakaa pembeni ya kitanda.

"Mimi nilikuwa nyuma, sikuona kitu," Shadia alisema. "Lakini nilipaswa kujua. Wewe huachii."

"Ulipaswa," Irakoze alijibu. Bado alikuwa amekasirika, ila mkono wake aliuacha mkononi mwa Shadia.

Mama Shadia alimgeukia Fidele. "Mwanangu," alisema, "kupanga madumu vibaya ni kosa la mtoto, na mguu wa binti yangu utaunga. Ila ulipoogopa, ulimtupia mwenzako kosa lako, na mimi mtu mzima nikakusadiki, nikamnyima mtoto wa watu hata salamu. Ukikosea, sema upesi, ungali na kosa moja. Na wale walionyamaza, walisema uongo uleule kwa midomo iliyofungwa. Mwalimu, kawaambie hivyo darasani."

"Nitawaambia," Mwalimu mkuu alijibu.

Wiki hiyohiyo fundi aliyatenganisha zaidi magurudumu na kulishusha sanduku la mkokoteni, na safu ikawa moja tu. Fidele aliomba kushika kamba. Irakoze alimtazama viganja, akampa kamba, akamwambia, "Kita visigino," kisha akaenda kuvuta mbele.