Kanda ya Ijumaa

Alhamisi, saa nane na robo mchana. Migori.

Nyuma ya kinu cha kusaga mahindi kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Monari alikipenda. Kinu kikianza kunguruma, hata aliyesimama mlangoni hasikii neno.

"Sema tena," alimwambia mdogo wake. "Pole pole. Nyamhanga hajui mambo ya kompyuta."

Mokaya alichora mezani kwa chaki. Sava mbili, zile kompyuta kuu za ofisi. Katikati, kabati la chuma lenye diski tano.

"Sava zote mbili zinatumia kabati hili moja. Moja ikizimika, nyingine inashika kazi. Wenye kuitumia hata hawatambui. Kabati nalo ni vile vile. Rekodi zimegawanywa kwenye diski zote tano. Ukichomoa moja, nne zilizobaki zinaziba pengo. Ukichomoa mbili, kila kitu kimekufa."

"Basi tunachomoa tano," Nyamhanga akasema. Huyu alikuwa dereva, Mkuria wa Kegonga, asiyependa kukaa na mgongo kwa mlango.

"Na nakala?" Monari aliuliza.

"Kanda moja tu ya sumaku. Wafadhili hawajaleta nyingine. Kila Ijumaa naandika nakala mpya, nabandika lebo ya manjano, naipeleka mwenyewe kwenye sefu ya ofisi ya hapa Migori. Kesho nitakuletea wewe."

"Watu?"

"Jumamosi hakuna mtu. Nashon, yule soja anayelinda lango, ni Msabato kama mimi. Saa tatu anaenda kanisani, funguo ananiachia. Filister anayefagia atakuwa Mbita, matanga ya shangazi yake."

Monari alifuta mchoro kwa kiganja. "Hakuna mtu ataguswa. Nimekuahidi."

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane. Vitabu vya mashamba vilikuwa vimeungua mwaka uliotangulia, na hakuna aliyeuliza viliunguaje. Mipaka ya vilima vyote kunakochimbwa dhahabu ilibaki ndani ya zile diski za mradi wa upimaji, Homa Bay. Jumatatu baraza la mashamba lingekaa. Mkubwa mmoja alitaka likae bila rekodi, ili karatasi zake yeye ziwe ndizo karatasi pekee.

Monari aliwahi kuwa polisi, kisha akawa kile alichokuwa akikifukuza. Lakini baba yao alipokufa, ni yeye aliyemfulia Mokaya sare za shule na kumpeleka chuoni Nairobi mkono kwa mkono. Alipokuja na kazi hii alisema jambo moja: ukikataa, watachoma ofisi, na Nashon akiwa ndani. Mokaya hakulala siku mbili. Kisha akapata njia ambayo, kwa hesabu zake, haingemuumiza mtu yeyote.

Ijumaa, saa tisa alasiri. Homa Bay.

Alitoa kanda kwenye mashine, akaibandika lebo ya manjano kwa mazoea. Kisha akabandua lebo nyingine ya manjano ya akiba, akaibandika kwenye kanda ya kusafishia mashine, ile isiyo na chochote ndani. Hiyo ndiyo ambayo Monari angepata. Kanda ya kweli aliifunga kwa gazeti, akatoka nayo hadi langoni, ambako Filister alikuwa anasubiri gari la Mbita.

"Min Apondi," alisema, akimwita mama wa Apondi kwa Kijaluo, "niwekee mzigo huu mpaka Jumatatu. Usiufungue."

Filister aliutia ndani ya kiondo bila swali. Miaka mitano alikuwa akipangusa lile kabati kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, jinsi Mokaya alivyomfundisha. Aliipenda kazi ile. Alijua lebo ya manjano ni ya Ijumaa, na kwamba cha Ijumaa huenda Migori.

"Matanga yako yaende salama," Mokaya alisema.

"Asante, Injinia."

Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Peugeot nyeupe ilisimama nje ya lango dogo. Nyamhanga alibaki kwenye usukani. Monari na Mokaya waliingia.

Chumba kilikuwa baridi. Mokaya alizima sava ya kwanza. Ya pili ikachukua mzigo, taa zake zikikimbia. Alisimama akiitazama. Alikuwa ameziunganisha kwa mikono yake, waya kwa waya, na hazikuwahi kumwangusha.

"Fanya haraka," Monari alisema.

Alichomoa diski ya kwanza. Kabati likaanza kulia, mlio mwembamba usiokatika.

"Nyamazisha hiyo kitu."

"Inanyamaza ikikatwa umeme."

"Kata basi."

Alichomoa ya pili kwanza. Sava ikaganda. Akazima umeme, na kimya kikawa kizito kuliko ule mlio. Ya tatu. Ya nne. Monari alizitia kwenye gunia, akizifunga kwa matambara.

Saa nne na dakika ishirini na mbili. Honi ya Peugeot ililia mara mbili.

Nyayo zilikuja upesi. Mlango ukafunguka. Alikuwa Filister, bado na vumbi la safari, kiondo kifuani.

"Injinia, nimekutafuta nyumbani sijakupata." Alikuwa akihema. "Gazeti lilipasuka njiani. Nikaona ni ya Ijumaa. Nikajua umekosea, umepeleka ingine Migori. Sijalala. Nimepanda gari la kwanza, mazishi nimeacha."

Alinyoosha mkono na kanda. Lebo ya manjano ilikuwa imenyooka vizuri, haina mkunjo.

Kisha akaliona kabati. Akaona mashimo manne. Akamwona Monari na mguu wa kuku, bastola ya kujitengenezea, kiunoni.

Monari naye alikuwa akiitazama lebo. "Kanda gani hiyo, Mokaya?"

Mokaya alimtazama Filister.

"Nimekuuliza. Kanda gani?"

Filister aliirudisha kanda kifuani. Alielewa kabla yao wote. Akageuka mlangoni, akapiga nduru, ile ya wanawake wa huko inayovuka boma hadi boma. Ilitoka mara moja tu. Monari alimpiga kisogoni kwa kitako cha bastola. Akaanguka mbele, paji la uso likagonga pembe ya kabati.

Mokaya alipiga magoti. Alimwita kwa jina la binti yake, tena na tena. Min Apondi. Min Apondi. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumwona.

"Nilitaka anyamaze tu," Monari alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Aliinama, akaichukua kanda, akaichomoa diski ya tano mwenyewe.

Saa tano na dakika tano. Barabara ya Rongo.

Mashamba ya miwa yalipita pande zote mbili.

"Kuna nakala nyingine?" Monari aliuliza hatimaye.

"Hakuna."

"Ulinidanganya mara moja."

"Hakuna, Monari. Zote unazo."

Nyamhanga alimtazama Mokaya kwenye kioo. "Boss, huyu ataongea. Tummalize hapa kwenye miwa."

"Ni mtoto wa mama yangu."

"Ataongea."

Karibu na Rongo Monari aliamuru gari lisimame. "Shuka," alimwambia mdogo wake. "Nenda nyumbani Nyamira. Hukuwepo."

Mokaya alishuka. Gari likaondoka. Damu ilikuwa imekauka kwenye magoti ya suruali yake, na waliokuwa wakitoka kanisani walimpisha njia. Alitembea hadi kituo cha polisi. Alitaja jina lake. Alitaja jina la Filister, na mahali alipolala. Kisha akataja jina la kaka yake, rangi ya gari, na kinu cha Migori.

Saa saba kasoro kumi. Migori.

Polisi walipofika kinuni, diski zilikuwa zimepondwa kwa nyundo na kanda ilikuwa majivu. Nyamhanga alikimbilia mtoni na alipigwa risasi kabla hajafika majini. Monari alikaa mezani, mikono juu ya meza, kama aliyekuwa akiwasubiri.

Jumatatu baraza lilikaa. Akina mama wa vilimani walisimama mmoja mmoja wakaeleza mipaka yao kwa mdomo: mti huu, jiwe lile, kaburi la mume. Karani aliwasikiliza. Mezani kwake zilikuwapo karatasi za mtu mmoja tu.

Filister alizikwa Mbita Alhamisi, karibu na shangazi ambaye hakumzika.

Siku ya kwanza ya mahakama, ndugu hao wawili walifungwa pingu moja nyuma ya lori la polisi. Mokaya alitazama sakafu. Alingoja matusi, au teke, au hata mate. Lori lilipanda, likashuka.

"Umekula?" Monari aliuliza.

"La."

Monari alipapasa mfukoni kwa mkono ulio huru, akatoa andazi la jela. Akalivunja kwa meno, akampa kipande kikubwa. Mokaya alikipokea. Alikuwa na njaa, akala.