Maua Yaliyotumwa Kumtafuta Navalayo

Simu ilimkuta Navalayo katikati ya soko la Kakamega, mkono mmoja umeshika fungu la mboga ya mrenda, na mdomo unabishana na mama muuzaji juu ya udogo wa fungu lenyewe. Namba haikuwa na jina. Aliitazama mara mbili kabla ya kupokea, maana tangu mwaka jana kila namba asiyoijua ilimkausha mate.

"Hujambo, dada. Wewe ndiye Navalayo?"

"Nani anauliza?"

"Naitwa Mubarak, wa kitalu cha maua pale Lurambi. Nina ua lako hapa, limelipiwa kila kitu. Niambie tu unaishi wapi nikuletee."

Ua! Katika mji huu maua ambayo watu wanayajua ni yale yanayofuata jeneza na yale yanayoshikwa na bibi harusi, na Navalayo hakuwa amekufa wala kuolewa. Moyo wake ulicheza kidogo. Msimlaumu, mwanamke wa miaka ishirini na saba ana haki ya kutumiwa ua. Lakini woga wake ulikuwa na mazoea ya kufika kabla ya furaha.

"Nyumbani hapana. Nikute kwa lango la Muliro Gardens."

Mubarak alifika baada ya robo saa, amepakata chungu cha waridi jekundu kama aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Alikuwa kijana mrefu, kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, shati la samawati lililonyooshwa vizuri na suruali yenye udongo magotini. Navalayo alikuwa katika gauni la njano alilojishonea mwenyewe, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, kwa kuwa alitoka kazini mbio akaisahau.

"Kumbe nampelekea fundi," Mubarak alisema huku akiitazama tepu. "Ningejua ningekuja na suruali yangu inayotaka kiraka."

"Hiyo umevaa ndiyo inataka," Navalayo alimjibu, wakacheka wote wawili. Kisha akafungua kadi.

"Ulidhani Kakamega ni mbali? C."

Chungu kilimponyoka kikapasuka juu ya lami. Watu waligeuka kutazama. Navalayo hakuwaona, alikuwa anatazama upande huu na ule wa barabara, akitafuta uso mmoja tu katika umati mzima.

Uso huo ulikuwa wa Clifford. Aliishi naye miaka miwili kule Mautuma, mtu mwenye sauti ya upole kanisani na mkono mzito nyumbani. Siku alipomvunja mkono, Navalayo alisubiri atoke, akavuka shamba la mahindi na nguo alizovaa tu, akaja kuanza maisha Kakamega ambako hakuna aliyemjua. Alibadilisha namba ya simu. Aliyekuwa nayo ni binamu yake mmoja tu, na kumbe wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

Mubarak alikuwa amechutama, anakusanya udongo kwa viganja. "Dada, keti kwanza. Unatetemeka."

"Alikuambia nini? Huyu aliyekutuma?"

"Alisema umehama, hajui ulikohamia. Nikupigie, utanielekeza mwenyewe. Nikishafikisha, nimtumie ramani ya mahali ili ajue kweli nimefikisha."

"Umeona sasa?" Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Hakunitumia maua. Amekutuma wewe unitafute."

Biashara ya Mubarak ilikuwa na miaka mitatu, na hiyo ndiyo njia yake ya kazi, kwani nyumba za Kakamega hazina namba mlangoni. Unapiga simu, unaelekezwa, unapeleka. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuifanya njia hiyo kuwa mtego. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nitamwambia simu yako haipatikani," alisema mwishowe. "Na pesa yake nitamrudishia leo hii. Wallahi."

Alifanya hivyo, na jioni akapiga kumwambia kwamba amefanya. Kesho yake alipiga kuuliza kama amelala. Kesho kutwa hakuwa na sababu yoyote, akapiga tu.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Baada ya wiki tatu wenzake Navalayo wa kazini walikuwa wanamjua Mubarak kwa mlio wa simu.

"Umekula nini, ua langu?"

"Usiniite ua. Maua unauzianga kila mtu."

"Basi nikuite nani?"

"Niite fundi, na uniheshimu."

"Fundi wangu, nimeshona moyo wangu kwako na uzi umekatika."

"Huo si uzi, ni uongo," Navalayo alimcheka, lakini usiku huo alilala bila kuweka kiti nyuma ya mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aje mjini. Siku moja mvua iliwakuta njiani, akamruhusu amsindikize mpaka geti la kwake, mtaani Amalemba. Kabla ya kumwonyesha mlango wake kwa kidole, alitazama nyuma kwanza.

Hapo ndipo mambo yangetulia, kama wanaume wasingekuwa na werevu wao wa ajabu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Navalayo alirudi kutoka kazini akakuta chungu mlangoni. Kilikuwa cha asumini, nyeupe, imefungwa karatasi na utepe. Hakukuwa na kadi wala jina. Jirani aliyekuwa anaanua nguo alisema hakuona mtu.

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alikaa chini palepale, mgongo ukutani. Harufu ya asumini ilimjaa puani. Amefika. Amesimama hapa, kwenye zulia langu. Labda yuko ndani. Dakika kumi nzima hakuthubutu kuingiza ufunguo katika kitasa chake mwenyewe.

Aliita jirani, wakafungua pamoja. Ndani hakukuwa na mtu. Akampigia Mubarak.

"Nani mwingine anajua kwangu isipokuwa wewe?" Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Alikupatia nini? Sema! Ulimwambia?"

"Nava, ngoja, hiyo asumini—"

"Nani amekuambia ni asumini?"

Navalayo alikata simu. Alitia nguo chache ndani ya mkoba, kwa nia ya kupanda gari la Likuyani kwa shangazi yake kabla jua halijatua. Lakini hasira ni kitu kibaya, hata woga huushinda wakati mwingine. Alishukia Lurambi. Alitaka kumwambia Mubarak usoni kwamba amemuuza.

Alimkuta peke yake katikati ya miche, amevaa gambuti, simu mkononi, anapiga namba ambayo haipokelewi.

"Ni mimi niliyeileta," Mubarak alisema kabla hajaulizwa. "Hakuna mwingine. Niliiweka mlangoni nikaondoka, nikataka uikute ushangae."

"Nishangae?" Navalayo alitupa mkoba chini. "Unajua vile ninaishinga! Unajua nikikuta hata karatasi mlangoni ninatetemeka! Ukachagua ua, Mubarak? Bila jina? Kati ya vitu vyote vya dunia?"

"Nilikosa."

"Hukukosa! Wewe na yeye—"

Gari jeusi lilikuwa limesimama kando ya barabara, mlango ukafunguliwa, ukatoka mguu wenye kiatu cha kahawia chenye ncha. Navalayo alikijua kiatu kile. Alikipiga rangi miaka miwili.

Hakuna aliyemwambia afanye nini. Alijikuta yuko chini ya kichanja cha miche, nyuma ya neti nyeusi ya kivuli, magoti kifuani, mkono mdomoni. Mubarak alisukuma mkoba kwa mguu ukaingia nyuma ya mifuko ya mbolea, kisha akashika ndoo akaanza kunyunyizia maji.

"Wewe ndiye Mubarak wa maua?" Sauti ilikuwa ileile, ya upole. "Nilikutuma kwa mke wangu, ukaniambia hapatikani. Binamu yake anasema simu yake inaingia kila siku."

"Mimi nilipiga, haikuingia. Pesa yako nilirudisha."

"Sikuja kwa sababu ya pesa. Nipe hiyo simu nione ulipiga lini."

Navalayo alifumba macho. Ndani ya simu ile jina lake lilikuwa la kwanza, la pili, la tatu, mpaka chini. Alisikia viatu vikisogea. Kisha akasikia kitu kikitumbukia majini.

"Lo!" alisema Mubarak. "Imeanguka kwa pipa."

Kofi likalia. Miche miwili mitatu ikaanguka, na chungu kikaviringika mpaka karibu na vidole vya Navalayo. Kupitia tundu la neti aliona Mubarak ameshikwa ukosi, damu inamtoka mdomoni.

"Anaishi wapi?"

"Sijui."

"Anaishi wapi!"

"Nimesema sijui, bwana."

Alijua. Alijua geti, alijua mlango, na alijua kwamba mwenye mlango yuko hatua tatu kutoka alipo. Angenyoosha kidole tu, kipigo kingekwisha. Navalayo aliungoja ule mkono uinuke. Katika maisha yake hakuwahi kuogopa kitu kama alivyouogopa mkono ule wa mtu anayempenda.

Haukuinuka. Kofi la pili likaja, kisha ngumi, na Mubarak akapaza sauti kuelekea steji ya bodaboda iliyo ng'ambo ya barabara: "Phanuel! Wee Phanuel! Nauawa!"

Walikuja mbio, watu saba au wanane, helmeti mikononi. Phanuel, mwenyekiti wa steji, mtu mnene asiye na haraka, alijipenyeza katikati.

"Mulembe, mzee," alimsalimu kwa Kiluhya. "Shida ni gani? Huyu ni mtu yetu."

"Hayawahusu."

"Yametuhusu saa hii. Gari yako tumepiga picha, namba yote iko hapa. Sasa uende pole pole tu."

Clifford alizitazama zile helmeti. Aliachilia ukosi, akanyoosha shati lake, akaingia garini. Alipotea upande wa Webuye, na bado Navalayo hakutoka. Mubarak hakumvuta. Alikaa chini nje ya neti, akifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Ameenda," alisema. "Toka ukitaka. Usipotaka, kaa."

Navalayo alitoka baada ya muda mrefu, ana udongo kila mahali.

"Nisamehe ile asumini," Mubarak alisema. "Mimi huuza maua, najua furaha yake tu. Kwamba yanaweza kutisha, ulinionyesha pale Muliro Gardens, nikasahau."

"Na namba za wateja wako?"

"Zimeenda na maji. Yako naikumbuka, lakini sitaipiga. Nava, hama tena. Hamia mahali ambapo hata mimi sijui. Leo nimeweza. Kesho akija na panga sijui kama nitaweza, na asiyejua hana cha kutoa."

Navalayo alimtazama mdomo uliovimba, akalia kwa sauti, kilio alichokificha tangu Mautuma. Jioni hiyohiyo Phanuel aliwapeleka kituo cha polisi, na kwa mara ya kwanza Navalayo alilitaja jina la Clifford mbele ya mtu anayeandika. Mwezi uliofuata mahakama ilimpiga Clifford marufuku kumkaribia. Karatasi ni karatasi, woga haujui kusoma. Navalayo alihama hata hivyo, na hakumwambia mtu.

Mubarak alitimiza neno lake. Simu haikulia wiki ya kwanza, haikulia ya pili. Mwezi wa pili Navalayo alianza kuitazama kwa chuki. Alikuwa anaogopa Clifford bado, kila siku, lakini sasa palikuwa na woga mwingine pembeni yake, kwamba atazeeka nyuma ya mlango uliofungwa, salama, peke yake.

Jumamosi moja mchana alivaa gauni la kijani lenye mkanda, akaenda Lurambi kwa miguu yake. Mubarak alikuwa anapandikiza miche. Alipoinua kichwa, koleo lilimwanguka.

"Fundi wangu."

"Hujaniuliza naishi wapi," Navalayo alisema.

"Na sitauliza."

"Kwa nini? Hutaki tena kujua?"

"Nataka mpaka naumwa. Lakini hilo ni lako, Nava. Si la kuulizwa."

Navalayo alitazama barabara, upande huu na ule, kama kawaida yake. Akasogea karibu mpaka akanusa udongo mikononi mwake.

"Shirere," alisema. "Ukipita kinu cha unga, kata kushoto. Geti la bluu, mlango wa tatu. Njoo kesho saa nane. Upige hodi, useme jina lako, nikusikie ndio nifungue."

Mubarak hakuandika popote. Aliyarudia polepole, kinu, kushoto, geti la bluu, mlango wa tatu, naye Navalayo akasimama palepale akisikiliza mlango wake ukitajwa na mwanaume, na hakukimbia.