Picha Zilizotoka Guilin

Maiti ilikuwa chini ya matofali mabovu, ndani ya shimo la choo ambalo mwenye kiwanja kimoja mtaani Biwi alilichimba mwaka juzi kisha akalitelekeza. Mafundi waliorudi Jumatatu kumalizia kazi ndio walioikuta. Mmoja alitapika. Mwingine alikimbilia barabarani akipiga mayowe, na nusu saa baadaye mtaa mzima ulikuwa pale, kila mtu akinyoosha shingo kuona asichotaka kukiona.

Inspekta Lusubilo Mwenifumbo aliwarudisha nyuma kwa mkono mmoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Karonga kule mpakani, ambako mtoto hujifunza Kiswahili sokoni kabla ya kufundishwa Kiingereza darasani. Kwa ajili ya ulimi huo, kila kesi ya wakimbizi jijini Lilongwe ilitupwa mezani kwake. Alikuwa amezoea, ingawa kuzoea si kupenda.

"Mwanamume, miaka thelathini na kitu," daktari wa polisi alisema akivua glavu. "Fuvu limepasuka kisogoni. Karibu wiki nne sasa."

"Kapigwa na nini?"

"Kitu cha chuma chenye pembe. Au kaangukia juu yake."

Maiti ilikuwa imeviringishwa kitambaa cha bitana, kile kinachoshonewa ndani ya koti. Lusubilo akachuchumaa. Juu ya kitambaa palikuwa na mistari ya bluu iliyonyooka, na alama ndogo za vipimo. Hiyo ilikuwa chaki ya fundi cherehani. Mifukoni hamkuwa na simu, pochi wala kitambulisho. Aliyempekua marehemu alipekua vizuri, ila viatu hakuvivua. Kiatu cha kushoto kilikuwa kikubwa kidogo, na mwenyewe alikuwa amekunja karatasi akaipachika kisiginoni kisimpwaye.

Sajenti Kumwenda aliikunjua kwa kibano. Ilikuwa tikiti ya treni yenye maandishi ya Kichina, lakini jina la abiria liliandikwa kwa herufi anazozijua kila mtu: MULENDA ESPOIR. Liuzhou hadi Guangzhou, tarehe 24 Januari.

"Madam, huyu ametoka China kuja kufia chooni Biwi?" Kumwenda aliuliza.

"Ndicho nitakachoulizwa na bosi kesho," alisema Lusubilo. "Washa gari."

Jina lilikuwa la Kikongo, na Wakongo wengi waliishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya jiji. Kule hawakuhangaika. Mtu wa kwanza waliyemtajia jina aliwapeleka moja kwa moja nyumbani kwa "mwalimu wa China". Miaka mitatu iliyopita Mulenda, mkimbizi kutoka Uvira, alipata kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule moja ya Liuzhou, na kambi nzima ikajivunia kana kwamba imeajiriwa yote. Mke wake, Ketsia, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Walikuwa wamefunga ndoa mwaka uliopita, Mulenda alipokuja likizo ya Julai.

Lusubilo alimweleza polepole, kama inavyopasa. Ketsia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Bwana yangu iko muzima, Madame. Jana tu alinituma photo. Iko Guilin, kwa vakansi."

Akafungua simu. Picha zilikuwa nyingi. Milima iliyochongoka ikisimama mmojammoja kando ya mto. Mulenda kwenye chelezo cha mianzi, suruali imekunjwa magotini. Mulenda Kunming, akishangaa maua ya Januari. Mulenda Xiamen, bahari nyuma yake. Mulenda chini ya taa nyekundu za Mwaka Mpya. Chini ya kila picha palikuwa na maneno machache ya mapenzi.

Lusubilo aliutazama uso ule. Kwenye shimo hakuuona uso wa kulinganisha nao, na alimshukuru Mungu kwa hilo.

"Sauti yake umeisikia lini?"

"Itafika mwezi. Anasema réseau ya simu kule ni mubaya. Anaandika tu."

"Ukimpigia?"

"Hashike. Lakini anajibu palepale kwa maandishi." Ketsia aliibana simu kifuani. "Madame, mufu haandike. Hiyo tikiti yako, mutu alimwiba."

Kati ya tikiti na simu, kimoja kilikuwa kinasema uongo. Lusubilo aliomba moyoni iwe ni tikiti.

Ndipo mwanamke wa makamo aliyekuwa ameketi pembeni tangu mwanzo alipokohoa. Alikuwa Rosalie, mama yake Ketsia.

"Na mi alinituma photo," alisema. "Iko juma moja sasa. Sikumwambia mutu. Haya ilinishika."

"Picha gani, Mama?"

Rosalie alimpa simu bila kuitazama. Mulenda alikuwa mgahawani, kinywa wazi, tambi zikining'inia kutoka kwenye vijiti hadi bakulini.

"Maman, ni makosa tu!" Ketsia alisema.

"Makosa gani? Mukwe hakule mbele ya mama mukwe. Siku ya ndoa yenu nilipita na sahani, akatupa kijiko chini, akageukia ukuta. Toka arudi kule alikuwa ananituma milima. Milima na mito tu. Niko na milima ya China mingi kuliko ya kwetu Fizi." Akapangusa macho kwa kitenge. "Nikajiuliza, tulimufanya nini, mupaka atutukane hivi?"

Kumwenda, mtu wa Mzuzu mwenye mzaha mwingi, alitaka kutabasamu. Lusubilo alimkata jicho. Yeye alikuwa ameolewa Karonga. Miaka kumi na miwili alikuwa hajaketi chumba kimoja na baba mkwe wake. Siku moja, akiwa na sare na bunduki, alijitumbukiza mtaroni baada ya kumwona mzee yule akija na baiskeli. Mambo hayo hayakai kichwani mtu akayasahau. Mwili wenyewe huyajua.

"Mama, hakukutukana," alisema, na sauti yake ilipungua nguvu. "Aliyetuma picha hii si mkwe wako."

Maharagwe yalimwagika kutoka mapajani mwa Ketsia. Hakuna aliyeinama kuyaokota.

Jumanne ilikuwa siku ya miguu na simu. Mjini, katika duka la mapazia, mama mmoja wa Kichina aliitazama picha ya taa nyekundu akacheka. "Hii ya zamani," alisema kwa Kichewa chake cha dukani. "Taa hizi zina nyoka. Kwetu kila mwaka una mnyama wake. Nyoka mwaka jana. Mwaka huu farasi." Akaonyesha farasi wa karatasi mlangoni pake. Picha zote zile zilikuwa za likizo ya mwaka uliopita, zikitolewa mojamoja kama akiba ya mahindi.

Jibu la uwanja wa ndege lilikuja saa tisa. Mulenda Espoir aliingia Lilongwe tarehe 26 Januari, asubuhi. Na kulikuwa na jambo la pili.

"Ana tikiti ya kurudi," Kumwenda alisema. "Alhamisi hii. Jana mtu amethibitisha kiti."

"Maiti imethibitisha kiti?"

Walitazamana. Ilikuwa imebaki siku moja. Ndege ikiruka na mtu huyo, Ketsia angebaki mke wa mume anayeandika kutoka China, hadi siku ambayo mwandishi angechoka kuandika.

Lusubilo alimpigia Ketsia. "Mumeo akifika mjini kwa siri, anafikia kwa nani?"

"Ni kwa Josué tu. Balikuya pamoja kutoka Kongo. Iko fundi, anashona Chilinde."

"Ameoa?"

"Josué? Hapana. Anasema ataoa siku atatoka huku."

Fundi cherehani asiye na mkwe. Lusubilo aliliandika jina hilo. "Kesho saa tisa kamili nataka umpigie mumeo. Usiandike. Piga, na usikate."

"Akishika?"

"Nitafurahi kuliko wewe."

"Na kama simu italia pale unasimama, Madame?"

Ketsia hakungoja jibu. "Nitapiga," alisema.

Duka la Josué lilikuwa chumba kimoja, cherehani mbili, na meza ya kukatia nguo yenye ukingo wa chuma. Mwenyewe alikuwa kijana mrefu, mtanashati, futi ya kupimia shingoni. Lusubilo aliingia bila sare, koti la mumewe mkononi. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nne.

"Karibu, Maman. Tutengeneze nini?"

"Bitana imechanika. Unayo ya rangi hii?"

"Ile iliisha. Mwezi uliopita nilimaliza rola muzima."

"Kazi nyingi?"

"Kidogo." Aliligeuza koti kwa vidole vyepesi. "Lakini sitaweza kulimaliza. Kesho niko na safari."

"Mbali?"

"Mbali kidogo."

Saa tisa kamili. Hakuna kilicholia. Nje, vijana wa kabaza waligombania abiria, kengele za baiskeli zao zikilia kwa pamoja. Lusubilo aliitupia jicho saa yake. Labda Ketsia alishindwa. Nani angemlaumu?

Ndipo droo ya cherehani ya pili ilipoanza kutetemeka. Mikasi iliyokuwa juu yake ilicheza, ikagongana. Josué hakugeuka. Aliendelea kulitazama koti, lakini vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Pokea," alisema Lusubilo kwa upole. "Ni Ketsia."

Josué aliruka dirishani. Alimkuta Kumwenda upande wa pili, amesimama kwa raha zake, pingu mkononi. Droo iliendelea kutetemeka. Ketsia hakukata, kama alivyoagizwa, mpaka Lusubilo alipolazimika kuipokea mwenyewe na kusema neno moja tu: "Pole."

Chini ya godoro walikuta hati ya safari ya Mulenda, tikiti ya ndege, na suti mpya iliyoshonwa kwa kipimo cha Josué. Simu ilifunguka kwa tarakimu alizozitaja Ketsia. Ujumbe mwingi wa kazini ulikuwa kwa Kichina, na Lusubilo alimtuma askari aupeleke kwa mama wa duka la mapazia.

Kituoni, Josué alikana kwa muda wa saa nzima. Lusubilo alimwonyesha kitambaa chenye chaki. Akakana. Akamwonyesha picha ya ukingo wa meza, ambako wapelelezi walikuta damu iliyooshwa vibaya. Akaacha kukana.

"Alifika kwako moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege?"

"Njo," Josué alikubali.

"Kwa nini?"

"Alitaka nimushonee kanzu ya Ketsia, bibi yake, na suti yake. Alitaka kuenda Dzaleka amevaa, abashangaze bote. Hakuambia mutu kama anakuya."

"Mkagombana."

"Mwaka tatu, Madame!" Sauti ilimpasuka. "Mwaka tatu ananiambia, nitakuvuta, ndugu yangu, shule inatafuta mwalimu mwingine. Diploma yangu ni muzuri kupita yake. Yeye anapanda mashua Guilin, anatembea Kunming, mi nashona zipu za batu. Nikamuuliza, ile nafasi yangu? Akaniangalia hivi, akasema, 'Josué, nafasi ilienda kwa fundi mumoja mubaya sana wa nguo.' Akaanza kucheka. Nikamusukuma. Alianguka na kichwa ku meza."

"Akafa papo hapo?"

Josué alitazama mikono yake.

"Nakuuliza. Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Alipumua. Inaweza kuwa saa moja."

"Mlangoni pako kuna kabaza ishirini. Hospitali haiko mbali."

"Najua."

"Kwa nini hukuita hata mmoja?"

"Passeport ilikuwa juu ya meza," Josué alisema. "Niliiangalia photo yake. Tunafanana kidogo. Nikajiambia, Bachina batanijua na nini? Nikakaa. Nikangoja aache kupumua."

Usiku uleule alimpeleka Biwi kwa toroli la vitambaa. Tarakimu za kufungua simu ya rafiki yake alizijua, na tangu hapo akawa anatuma picha za zamani, ili nyumbani wasimtafute hadi yeye awe ameruka.

Kumwenda aliingia bila kubisha, akaweka mezani karatasi ya tafsiri kutoka duka la mapazia. Lusubilo aliisoma mara moja. Akaisoma tena. Hasira aliyokuwa nayo tangu Jumatatu ilimtoka ghafla, na kilichobaki mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

"Huu ni ujumbe wa mkuu wa shule," alisema. "Ulitumwa tarehe ishirini na nne Januari. Sikiliza: 'Mwalimu Mulenda, tumekubali. Rafiki yako Josué, yule fundi wa nguo, aanze muhula mpya wa Machi. Barua yake ya mwaliko utaipata ukirudi. Likizo njema.'"

Josué hakutikisika. "Soma tena."

Lusubilo akasoma tena, polepole.

"Na jina yangu iko mule?"

"Kwa Kichina. Liko kwenye simu uliyoishika mwezi mzima."

"Niliiona hiyo message," Josué alisema. "Kila siku niliiona. Nilizani ni publicité, matangazo tu." Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. "Fundi mumoja mubaya sana wa nguo. Alikuwa ananiambia, Madame. Njo maana alikuwa anacheka."

Lusubilo alimwacha na Kumwenda aandike maelezo. Ketsia alikuwa amefika kutoka Dzaleka, ameketi kwenye benchi la korido, na ilibidi mtu amweleze yote.