Ng'ombe Wasiotimua Vumbi

Ladislas hakuwa mtu wa kuchezea pikipiki. Wapo waliokuwa wanakatiza mashamba ya watu kama wamefukuzwa na nyuki, na ukiwaambia wanakucheka. Yeye hapana. Akiwa juu ya ile Honda ya mradi wa visima, mama mwenye mzigo kichwani anapita kwanza, na mihogo ya mtu haikanyagwi hata kama njia imeliwa na korongo. Akikutana na ng'ombe, anazima injini kabisa.

Hilo la ng'ombe alifundishwa na jirani yake Luhende, Msukuma aliyehamia Mpanda na mifugo yake miaka ile ya tisini mwanzoni. "Mngurumo unatoa mimba za ng'ombe," Luhende alimwambia. "Zima, tulia, mpaka wa mwisho apite. Ndiyo heshima." Kijiji kizima kikashika hivyo, Warundi kama Ladislas kwa Wasukuma, na kweli ugomvi wa njiani ukapungua.

Sasa jioni hiyo Ladislas alikuwa anarudi kutoka Mpanda mjini na sindano za kwinini kwenye mfuko wa koti. Mke wake Séverine alikuwa hajitambui tangu asubuhi, anawaka homa, anaitikia watu wasiokuwepo chumbani. Mganga wa zahanati alikuwa amesema wazi: asipochomwa sindano leo, kesho tusilaumiane. Mariana, mke wa Luhende, mwanamke mzima wa afya na kicheko kikubwa, ndiye aliyebaki kumwangalia. "Nenda, shemeji," alisema. "Mimi simwachi."

Jua lilikuwa linazama nyuma ya miombo. Njia ilikuwa mchanga mtupu, na Ladislas alikuwa anaipapasa polepole kwa gia ya pili.

Kwanza ilikuja harufu. Maziwa yaliyoungua.

Halafu ng'ombe.

Walikuwa wanavuka njia mbele yake, weupe kwa weusi, wengi, vichwa vimeinama. Mkono wake wenyewe ukageuza ufunguo, hakufikiria. Injini ikazima.

Kimya...

Kimya gani hicho? Ng'ombe wote wale, hakuna kengele, hakuna anayekohoa, hakuna kwato. Akatazama chini. Kiangazi kile hata kuku akipita vumbi linapanda, lakini chini ya ng'ombe wale mchanga ulikuwa umelala vilevile.

Mchungaji alisimama upande wa pili, mrefu, amejifunika blanketi mpaka machoni. Ladislas akamsalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba."

"Ahsante kwa kuzima," yule mtu akanong'ona. "Hawa wangu wanaogopa sana kelele."

Nyuma ya ng'ombe walikuja watu.

Walitembea kwa mstari, macho yamefumba, mikono inaning'inia. Wa kwanza alikuwa mzee Yohani. Ladislas mwenyewe alisaidia kuchimba kaburi la mzee Yohani mwaka jana! Mana yanje, akasema moyoni kwa lugha ya mama yake, Mungu wangu.

Wa mwisho alikuwa Séverine.

Amevaa kanga ileile aliyolala nayo asubuhi. Peku. Na nyuma yake, amemshika mkono kwa nguvu zote, anamvuta kurudi nyuma kama mtu anayemnasua ndama kwenye tope, alikuwa Mariana. Katika watu wote wale ni macho ya Mariana tu yaliyokuwa wazi.

"Shemeji," Mariana akanong'ona. "Washa."

Unafikiri aliwasha? Hakuwasha! Mke wake anapelekwa mbele ya macho yake, na yeye mguu uko kwenye kiki, haukanyagi, kichwani kunapita mimba za ng'ombe. Jamani, adabu nayo inaweza kumpumbaza mtu.

"Mpaka wa mwisho apite," mchungaji akasema taratibu. "Ndiyo heshima."

"Washa, shemeji! Nachoka!"

Akageuza ufunguo, akapiga kiki. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Akapiga tena...

Ikanguruma. Akavuta mafuta mpaka msitu ukaitikia. Ng'ombe wakatawanyika bila mlio, wakayeyuka kati ya miti, na mchungaji akapiga yowe jembamba lililomwingia Ladislas kwenye meno. Akaipeleka pikipiki katikati yao, akamdaka Séverine kiunoni. Alikuwa mwepesi mno. Akampandisha nyuma, lakini Séverine akawa hatoki, kwa kuwa Mariana alikuwa bado amemshika, na mkono mwingine wa Mariana sasa ulikuwa umenaswa ndani ya blanketi la yule mchungaji.

"Na mimi, shemeji. Na mimi!"

Ladislas akageuka. Akavibandua vidole vya Mariana kwenye mkono wa mke wake, kimoja baada ya kingine. Akaondoka.

Hakutazama nyuma. Alikatiza mihogo, alikatiza mtama, hakujali shamba la nani. Alipofika uani kwake akageuka kumshusha Séverine, na kwenye kiti hapakuwa na mtu.

Ndani taa ya chemli ilikuwa inawaka. Séverine alikuwa ameketi kitandani, jasho linamchuruzika, anaomba maji. Homa ilikuwa imeshuka bila sindano hata moja. Chini, kwenye mkeka, Mariana alikuwa amelala chali, anapumua kidogokidogo, macho yamefumba. Luhende alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Nilikuja kumchukua twende nyumbani," Luhende akasema. "Alikuwa mzima, anaongea. Ameanguka sasa hivi tu, nimesikia pikipiki yako inakuja. Namwita haitiki. Ladislas ndugu yangu, tumpeleke hospitali."

Ladislas alijua hospitali hawatamkuta. Alijua pia mahali alipo. Njia haikuwa mbali, petroli ilikuwemo, injini ilikuwa bado ya moto. Alisimama mlangoni, hakutoka. Aliogopa. Na aliogopa zaidi kwamba akirudi kule, yule mtu atataka abadilishiwe, Mariana kwa Séverine.

Séverine akageuza kichwa.

"Baba Joséline," akasema kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Mbona ulitutenganisha? Mwenzangu alikuwa anakuja."

Luhende akainua uso. "Shemeji anasema nini?"

Nje, mbali, upande wa msituni, mtu alipiga mluzi wa kukusanya mifugo.

"Ni homa," Ladislas akajibu. "Anaweweseka."

Luhende akainuka, akamshika bega. "Pole sana, ndugu yangu," akamwambia. "Mshukuru Mungu, wako amefumbua macho."