Mapigo Manne ya Kimya

Kengele ya alfajiri ilipolia, Lesieli alikuwa ameshatandika kitanda, ameshafagia sehemu yake ya uwanja, na ameshajifunga mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima la kwao, juu ya sare. Wenzake wa bweni walikuwa ndiyo kwanza wanafikicha macho.

"Wewe Lesieli, hulali?" Akanesi alinung'unika, mguu mmoja ndani ya kiatu na kiatu cha pili hakijulikani kilipo. "Unafagia hata majani ambayo hayajaanguka!"

"Leo kuna mazoezi ya bendi."

"Jana yalikuwepo. Na kesho yatakuwepo."

"Basi na kesho nitaamka mapema."

Huyo ndiye Lesieli. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, wa kwanza nyumbani kwao kuja kusoma sekondari Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, na tangu ashuke kwenye meli kutoka kisiwani Ha'afeva alikuwa hajatulia. Kila kitu cha shule ya Lotomo'ui kilimfurahisha: kuhama darasa kila kengele ikilia, maabara yenye harufu kali, hata foleni ya chakula. Lakini kilichomtia wazimu hasa ni bendi ya matarumbeta. Siku alipokabidhiwa tarumbeta alilala nalo ubavuni, mpaka matroni akaja kumwambia kwamba chombo cha shule hakifunikwi shuka.

Siku ya Waanzilishi ilikuwa inakaribia. Siku hiyo bendi hutoka langoni na kupita barabarani hadi kanisani, wazazi wakiwa wamejipanga pande zote mbili. Mama yake Lesieli angekuja na meli pamoja na shangazi wawili na nguruwe wa kuchoma. Lesieli alishamwambia kwa simu, "Mama, simama pale langoni. Utaniona nikipiga!" Na mama kwa furaha yake alishawatangazia watu wa nusu ya kisiwa.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Lesieli hakumwambia mama, wala mtu mwingine yeyote. Hakujua kusoma nota.

Kanisani kwao nyimbo huandikwa ubaoni kwa namba, tatu ikiwa sauti ya kwanza ya ngazi ya muziki, na namba hizo Lesieli alizisoma haraka kuliko jina lake mwenyewe. Karatasi za bendi hazikuwa na namba. Zilikuwa na mistari mitano na vidoa vyeusi vilivyokaa juu yake, na yeye aliviona ni vidoa tu. Kwa hiyo alitega sikio. Msichana wa kushoto kwake akipiga, yeye anadaka, nyuma yake kidogo sana, na hakuna aliyegundua.

Si kwamba shule haikufikiria shida za wageni. Kila mwanafunzi mgeni alipewa mlezi, yaani mwanafunzi wa madarasa ya juu, na kila Ijumaa jioni wawili hao walikutana kwenye benchi za uwanjani ili mgeni atoe yanayomsumbua. Mwalimu Hingano, mama mcheshi aliyesimamia mpango huo, aliwapanga kwa kura, akichomoa majina kwenye kikapu. Lesieli akaangukia kwa Soakai wa kidato cha tano, mpigaji tarumbeta hodari kuliko wote.

"Una bahati wewe!" wasichana walimwambia. "Soakai mwenyewe!"

Lesieli alitabasamu kwa shida. Mama yake na mama yake Soakai walikuwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo Soakai alikuwa kaka yake, na kwa mila ya Tonga kaka na dada wakishakua hawakai benchi moja, hawataniani, wala hawaelezani ya moyoni. Ndiyo heshima. Mwalimu hakuwa na njia ya kujua, kwa kuwa majina ya baba zao ni tofauti. Ilitakiwa mmoja wao anyooshe mkono aseme. Lakini usimame mbele ya shule nzima useme kaka yako hafai kuwa mlezi wako? Lesieli alinyamaza, na Soakai naye akanyamaza.

Basi Ijumaa zao zikawa hivi. Lesieli anakaa kwenye benchi. Soakai anasimama kule mbali, ameyakazia macho magoli ya raga kana kwamba yanataka kutoroka.

"Mambo sawa?" anayauliza magoli.

"Sawa," Lesieli anavijibu viatu vyake.

"Haya."

Kikao kimekwisha.

Mazoezini siku hiyo, Mwalimu Kaufusi, mkuu wa bendi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aligawa karatasi za wimbo mpya wa gwaride. Ulikuwa wimbo mtamu, unaopanda na kupanda, na Lesieli ulimteka kabisa. Akasahau kudaka, akaanza kubahatisha kwa raha zake, mashavu yamejaa. Ghafla matarumbeta yote yakanyamaza, yote kwa pamoja. Tarumbeta la Lesieli likaendelea peke yake, kali na refu, mpaka mpiga ngoma akadondosha kijiti.

"Nani huyo?"

"Mimi, Mwalimu."

"Karatasi inakwambia nini mahali hapo?"

Lesieli aliitazama karatasi. Haikumwambia kitu. Uso ulimuwaka, na uongo ukamtoka kabla hajaufikiria. "Kitufe kimekwama, Mwalimu. Kimejipigia chenyewe."

Bendi nzima iliangua kicheko, isipokuwa Soakai, ambaye alikuwa anatazama sakafu.

"Kimejipigia chenyewe!" alisema Mwalimu Kaufusi. "Hicho ni kitufe chenye kipaji. Lete nikifungue nikione. Kesho baada ya masomo njoo unipigie ukurasa huu peke yako. Anayesoma karatasi atatembea na bendi. Asiyesoma atangoja mwaka ujao."

Jioni Lesieli hakuugusa muhogo wake. Akanesi aliutazama muhogo, akamtazama mwenye muhogo, akaona kuna jambo. Alimbana mpaka akasema yote.

"Sasa unalia nini?" alisema Akanesi. "Si una Soakai! Mwambie akufundishe."

"Ni kaka yangu."

Akanesi aliacha kutafuna. "Kaka kabisa?"

"Mama zetu ni dada."

"Wee! Na mimi nilivyokuonea wivu!" Akanesi alicheka, akaziba mdomo, akacheka tena. "Kwa hiyo tangu uje shuleni hujamwambia lolote?"

"Nimemwambia 'sawa'."

"Basi nenda kwa Mwalimu Hingano."

"Ataona namkataa kaka yangu. Halafu mimi ni mgeni hapa, nianze kusumbua walimu?"

"Haya. Na kesho kwa Kaufusi utasemaje? Kitufe cha pili nacho kimekwama?"

Lesieli alimwona mama yake amesimama langoni na shangazi wawili, wakinyoosha shingo, wakitafuta uso wake katika bendi na kuukosa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu aje mjini. Akainuka, akaifuta mikono kwenye sketi, akaenda.

Nyumba ya Mwalimu Hingano ilikuwa nyuma ya maktaba. Lesieli alipokata kona alimkuta mtu barazani, mkono ameuinua kubisha hodi. Alikuwa Soakai.

Soakai aliruka ngazi zote mara moja, akatua kwenye maua.

"Ingia wewe," aliiambia nguzo ya baraza.

"Hapana, wewe ndiye uliyetangulia," Lesieli aliyaambia maua.

Mlango ulifunguka. "Nani anagombana na nguzo yangu?" aliuliza Mwalimu Hingano. "Ah, mgeni na mlezi wake! Vizuri. Ingieni wote mkae."

Hakuna aliyesogea. Mwalimu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, tabasamu likamkauka.

"Nyinyi ni ndugu?"

"Mama zetu, Mwalimu," walijibu kwa pamoja.

Mwalimu Hingano alijipiga kofi la paji la uso. "Mungu wangu! Nimewafanya nini watoto wa watu! Ijumaa zote hizo!" Alicheka hadi akashika kizingiti. Kisha akasema, "Lesieli, ingia ukae. Soakai, baki hapo hapo barazani. Dirisha liko wazi, na mimi nina masikio mawili."

Ndani, Lesieli alieleza kila kitu bila kuficha: nota, kudaka, uongo wa kitufe, mama na meli. Alipomaliza alijisikia mwepesi, japokuwa machozi yalikuwa yanamtoka.

Sauti ya Soakai ikaingia dirishani.

"Mwalimu, mimi nimekuja kwa jambo hilo hilo. Hata mimi nilifika hapa na namba za kanisani tu, na nililia sana kabla sijafundishwa. Shida yake niliiona siku ya kwanza. Nikaona haya kuja kusema."

"Basi sema sasa."

"Mwambie mistari ile ni ngazi. Atafute tatu ya kanisani inakaa wapi, kisha apande: mstari, nafasi, mstari, nafasi. Kila hatua ni namba moja. Tatu, nne, tano, sita."

"Umesikia?" Mwalimu alimuuliza Lesieli.

Lesieli alikuwa ameshachora mistari mitano kwenye kipande cha karatasi, kidole kinapanda taratibu. Mara akaruka kutoka kwenye kiti. "Ni zile zile! Mwalimu, ni zile zile, ila zimekaa kwenye ngazi!"

Barazani mtu alicheka kwa furaha, kisha akajifanya anakohoa.

"Mwalimu, muulize," Lesieli aliendelea, "ile alama inayofanana na kofia iliyopinduliwa nayo ni nini?"

"Mwambie ni kimya," ilijibu sauti ya nje. "Akiiona asipige. Ahesabu mapigo manne, halafu aingie na wenzake."

"Kumbe ndipo pale nilipoharibu!"

Waliendelea hivyo, swali likitoka kwenye kiti na jibu likiingia kwa dirisha, mpaka shingo ya Mwalimu Hingano ikaanza kuuma. Ndipo alipomtuma Soakai amwite Pisila wa kidato cha nne, msichana aliyepiga tarumbeta kubwa la besi, awe mlezi mpya wa Lesieli. Pisila alikuja mbio na karatasi za nyimbo, akakaa naye benchi moja, bega kwa bega.

Kesho yake Lesieli alisimama mbele ya Mwalimu Kaufusi.

"Mwalimu, kabla sijapiga. Kitufe hakikukwama. Nilidanganya. Sikujua kusoma nota."

"Kitufe nimekifungua," alisema Mwalimu Kaufusi. "Kinateleza kuliko sabuni. Nilikuwa nakungoja wewe useme. Haya, piga."

Alipiga polepole. Alikosea, akarudi, akakosea tena pengine. Lakini alipoifikia kofia alishusha pumzi, akanyamaza, vidole vinahesabu kwenye sketi, kisha akaingia mahali panapostahili.

"Hujaiva," alisema Mwalimu Kaufusi.

Lesieli akalishusha tarumbeta.

"Hujaiva, lakini unasoma, hudokoi tena kwa jirani. Utatembea safu ya mwisho, na kila jioni utafanya mazoezi na Pisila. Ila ukikisingizia tena chombo changu, utabeba ngoma kubwa mpaka umalize shule!"

Lesieli alikimbia hadi bwenini bila kujua miguu ilikokanyaga, akamkumbatia Akanesi pamoja na ndoo yake ya maji.

Ijumaa, Mwalimu Hingano aliwakusanya wageni wote. "Nani ana mlezi ambaye hawezi kumweleza shida zake?" aliuliza. Hakuna aliyejitikisa. Lesieli akanyoosha mkono, akasimama. "Mimi nilikuwa naye," alisema, "na nilikuwa nasema 'sawa' tu wakati si sawa." Hapo mikono ikaanza kuinuka, mmoja huku, mwingine kule. Kulikuwa na mvulana aliyepangiwa dada yake, na msichana ambaye mlezi wake alimfokea akamwogopa. Kikapu kikaletwa, majina yakapangwa upya, na safari hii kila mtu aliulizwa kwanza.

Siku ya Waanzilishi ilipofika, barabara ilijaa watu, mikeka mipya na mashada ya maua. Bendi ilitoka langoni, Soakai safu ya kwanza, Lesieli safu ya mwisho. "Yule pale! Yule wangu!" mama alipiga kelele, na shangazi wakaanza kucheza kando ya barabara bila kujali nani anawatazama. Lesieli alitamani kucheka lakini mdomo ulikuwa kazini. Wimbo ulipanda, ukapanda, kisha ikaja kofia. Matarumbeta yote yakanyamaza, na lake likanyamaza pamoja nayo. Ngoma zikanguruma peke yao. Moja, mbili, tatu, nne, na wote wakaingia kwa kishindo. Mwili wote ulimsisimka.

Baadaye waliketi kula nguruwe na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi. Mwalimu Hingano alikuja kumsalimia mama yake Lesieli na kumsimulia mambo yote, hata ya kitufe. Mama alimkata binti yake jicho, kisha akamshika mkono.

"Mama Lesieli," alisema Mwalimu, "sisi walimu hatuoni yaliyo vifuani mwa watoto. Heshima ni nzuri, na haijamkataza mtu kuomba msaada. Mlango mmoja ukiwa huwezi kuuingia, ubishe mwingine. Ila ubishe, usikae nje unasema 'sawa'. Binti yako aliona aibu, na bado akaja kubisha. Hilo limenifurahisha kuliko gwaride lote."

"Asante sana, Mwalimu," alisema mama. Kisha akamgeukia Lesieli na kushusha sauti. "Lakini mwanangu, mbona pale katikati mlinyamaza ghafla? Shangazi yako alidhani mmesahau wimbo."

Lesieli alicheka mpaka sahani ikamtikisika. Upande wa pili, walikokaa wavulana, Soakai alikuwa ameinamia chakula chake, mabega yanamtikisika vile vile.

"Mama," alisema Lesieli, "pale ndipo nilipopata taabu kujifunza kuliko pote."