Nilitaja Siku Alizochelewa, Sababu Nikaimeza

Nina miaka thelathini na sita, naishi Lyamkena, Makambako. Ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi. Cheo hiki nilikipata kwa kuwahi, kwa bidii... na kwa kunyamaza siku moja.

Nilipoajiriwa sikujua kitu. Aliyenifundisha ni Dada Yudita, mama wa Kikinga kutoka Makete. Alinionyesha namna ya kutambua tunda lililochubuka. Akanisisitiza nifike kabla ya saa moja, nisibishane na wakubwa, na kila nikionacho kazini nikiandike kwenye daftari. Nikashika yote.

Mwaka jana mumewe alipata kiharusi. Kila asubuhi ilibidi amgeuze, amwogeshe, amlishe uji, ndipo atoke nyumbani kwake Mahongole. Akaanza kuchelewa. Aliniambia mimi peke yangu, hakutaka kuonewa huruma.

Kikaja kikao. Meneja alitoka Njombe kuchagua msimamizi, na wote tulijua nafasi ni ya Yudita. Akauliza kwa nini kazi ya asubuhi inachelewa kuanza.

Nikafungua daftari. Nikasoma siku alizochelewa, moja baada ya nyingine. Sababu sikuitaja. Nilijiambia natunza siri yake... Siri gani? Nilikitaka cheo!

Dada Yudita alinitazama. Akasema taratibu, "Umeandika vizuri, mdogo wangu."

Wiki ile aliachishwa kazi, mimi nikapewa koti jeupe la msimamizi. Sikufurahi, sikulia. Nilivaa koti, nikaingia zamu. Mpaka leo ndivyo ninavyoishi... naamka, naenda, narudi.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda Mahongole. Nilimkuta anapalilia viazi, mumewe ameketi juani, shingo imelala upande. "Kamwene," akanisalimu kama zamani, akanipa chai. Nikamweleza kwamba nimemwomba meneja amrudishe, amekataa. Nikaomba msamaha.

"Nimekusamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Ila usije tena. Mume wangu nilimwambia niliacha kazi mwenyewe. Hajui kwamba nilifukuzwa kwa ajili ya ugonjwa wake."

Nikaiweka chai chini, nikaondoka.

Wasomaji wenzangu, wahini kazini, jitumeni, mpande vyeo. Lakini ukiulizwa habari za mwenzako, sema na lile unalolijua la kumtetea, hata kama nafasi itakupita.

Mimi haikunipita.